Walisema Tantine Hakuita

Noeli iliyopita nilikuwa nimekaa mezani nyumbani kwangu, hapa Hewa Bora, Lubumbashi, na wenzangu wa kazini pamoja na wake zao. Tulikuwa tunacheka maneno ya mmoja wetu, mara nikasikia kitu kinaanguka jikoni. Halafu mafuta yakachachatika, sauti ile ambayo mtu aliyekulia katika nyumba zetu hawezi kuikosea. Mke wangu akapaza sauti kutoka kule nyuma: "Hakuna kitu! Mukae tu!"

Wageni wakaendelea kucheka. Mimi nilikuwa nimekwisha kusimama. Sikumbuki nilivyopita kati ya viti. Nakumbuka tu kwamba mke wangu alinishangaa nilipotokea mlangoni na kitambaa cha meza mkononi, nimekivuta pamoja na uma za watu. Hakuwa ameumia. Kifuniko kilimponyoka, basi.

"Mais weye, iko nini?" akaniuliza. "Nilisema hakuna kitu."

Nikamwambia ndiyo, nimesikia. Nikabaki naye pale mpaka alipozima moto, na wageni wakangoja.

Ndugu yangu unayenisoma, labda na kwenu kuna mtu anayesema hakuna kitu kutoka jikoni kila sikukuu, nanyi mnakaa. Ngoja nikueleze kwa nini mimi siwezi kukaa.

Utotoni tulikaa Kipushi, kwa sababu baba alifanya kazi mgodini. Lakini Noeli haikuwa ya Kipushi. Noeli ilikuwa ya Lubumbashi, kwa Kambo. Huku kwetu Kambo ni mzazi wa mzazi wako. Huyu alikuwa mama wa mama yangu. Mume wake, ambaye wote tulimwita Mzee, alikuwa mtu wa reli. Alishuka kutoka kaskazini ya Katanga angali kijana, akapewa nyumba katika zile za wafanyakazi, za matofali, zilizopangwa mistari kama mabehewa yaliyosimama. Kila nyumba ilikuwa na kiwanja chake nyuma, na kati ya jirani na jirani ukuta mfupi, wa kufika kifuani mwa mtu mzima.

Tulipanda lori la unga, sisi watoto juu ya magunia, mama mbele na dereva akiwa amempakata mdogo wetu wa mwisho. Tulifika tumekuwa weupe kama mizimu, na Kambo alitupangusa kwa kanga yake huku akicheka na kutuuliza kama tumekuja kula Noeli au tumekuja kukorogwa bukari, ugali wetu. Kabla ya kumwona yeye tulikuwa tumekwisha kusikia harufu yake: makala, yaani mkaa, iliyoshika moto vizuri, ngozi ya kuku iliyobabuliwa, sombe iliyotwangwa asubuhi, na ule uchachu mtamu wa munkoyo, kinywaji cha mahindi, uliokuwa ukipoa ndani ya chungu chini ya kitambaa cheupe. Hata leo nikipita mahali mtu anatwanga majani ya muhogo, miguu yangu inataka kugeuka.

Kazi zetu zilikuwa nyingi na tulizipenda. Kuchagua mawe kwenye mchele. Kung'oa manyoya ya kuku, ambayo yalitushika vidoleni na kukataa kutoka. Kupepea moto kwa kipande cha karatoni, na kugombana ni zamu ya nani. Kaka yangu mkubwa alikuwa akikata vitunguu kwa sababu alidai yeye halii, kisha akatoka kwenda kulia nyuma ya choo.

Jiko la Kambo halikuwa chumba. Lilikuwa sehemu ya kiwanja iliyofagiliwa hadi ikang'aa, chini ya paa dogo la mabati ya zamani lililoshikwa na miti minne. Babula zake zilipangwa hapo juu ya matofali, majiko yale ya chuma ya makala, kila moja na tundu zake kama macho mekundu. Na Kambo alikuwa na sheria. Watu walisema padri alikuwa na amri kumi, ila Kambo alikuwa amepoteza hesabu ya zake. Babula haiingii ndani ya nyumba, hata mvua ipige namna gani, hata watoto watetemeke kwa baridi. "Makala inauaka bila kelele," alisema, na hakuna aliyemwuliza alijuaje, kwa sababu uso wake ulionyesha kwamba aliwahi kuona. Mafuta hayapiti nusu ya sufuria. Kinachoingia kwenye mafuta kipanguswe kwanza, maji na mafuta hayajapatana tangu dunia iumbwe. Ndoo ya mchanga ikae karibu na moto. Nyama iliyolala ichemshwe tena mpaka itokote kabla mtu hajaigusa. Mtoto asipite kati ya mpishi na moto, na aliyepita alikumbuka mwiko wa Kambo kwenye miguu yake mpaka Bonane, siku ya Mwaka Mpya.

Lakini sheria aliyoirudia kuliko zote ilikuwa ya mafuta na watu. "Mwenye iko ku mafuta habakiake yeye moja." Alitueleza sababu yake pia. Sombe unaweza kuiacha ukakimbia kuchukua kitu. Wali hivyo hivyo. Mafuta hayakuruhusu kuondoka, yanakushika pale. Kwa hiyo lazima awepo mwingine wa kukuletea unachokosa.

Aliyekaa kwenye mafuta siku zote alikuwa Tantine, mdogo wa mama yangu. Alikuwa msichana wakati ule, anakaa na wazazi wake, anajifunza ushonaji kwa masista. Nguo zetu za Noeli zilitoka mikononi mwake. Alitupima kwa macho tu tuliposhuka kwenye lori, na siku ya misa shati lilikaa mabegani kana kwamba lilizaliwa na wewe. Mikono hiyo hiyo ilitengeneza bitumbula. Alichota donge la unga, akalifinya ngumini, na kati ya kidole gumba na cha shahada ikachomoza duara laini, akaiachia iteleze kwenye mafuta bila kurusha hata tone. Zilizama, zikapanda, zikajigeuza zenyewe, nyekundu kidogo, na harufu ya sukari na ndizi mbivu ikaenda mpaka barabarani.

Ng'ambo ya ukuta alikaa mama jirani. Watu wake walikuwa wametoka Kasai, naye alifanya biashara ya vitambaa sokoni, mama mwenye sauti kubwa na mwendo wa haraka. Sikukuu yote sahani zilipita juu ya ule ukuta: kwetu sombe na samaki mikebuka, kwake kuku na bukari yao ya muhogo na mahindi. Yeye na Kambo walibishana kila mwaka ni bukari gani inayoshibisha, na hakuna aliyewahi kushinda.

Noeli ninayotaka kukueleza ilianza vizuri kama nyingine. Tulitoka misani na jua. Kambo, mama na Tantine wakavua nguo za kanisani, wakafunga vitenge, wakaingia kazini. Mvua ilianza sombe ikiwa tayari na wali ukiwa unakauka. Si mvua ya kujaribu. Mvua ya mwezi wa kumi na mbili, ile inayoangukia mabati kama mtu anamwaga kokoto. Chakula kikaingizwa ndani kwa mbio chini ya mwavuli wa Mzee. Ilibaki babula moja tu chini ya lile paa dogo, ile ya mafuta, na Tantine akiwa amechuchumaa mbele yake, kwa sababu bitumbula huliwa zikiwa moto.

Mzee akaketi mezani akataka kusali. Hakusali bila mke wake kuwa upande wake wa kuume, hiyo ilikuwa sheria yake yeye. Akamwita Kambo mara ya kwanza, mara ya pili. Kambo akasimama pale kwenye mlango wa nyuma, akamtazama binti yake kwenye mvua, akamtazama mume wake mezani. Mama yangu akamwambia aingie tu, yeye atabaki na mdogo wake. Kisha mtoto mdogo akalia ndani, akitaka kunyonya. Mama akamwambia Tantine, nami nilikuwa hapo hapo nimeshika sahani tupu ya kupokelea: "Endelea, nitakuya saa hii."

"Kwenda, yaya," Tantine akajibu. "Mutoto analia."

Yaya ni jina tunalomwitia ndugu mkubwa. Sikumbuki Tantine akimwita mama jina lingine.

Mama akaingia, akaketi, akamnyonyesha mtoto, Mzee akasali sala ndefu, na chakula kikapakuliwa. Sahani ya kwanza ya bitumbula niliingiza mimi. Hazikukaa mezani hata kidogo. Tukaanza kugonga meza kwa vijiko, sisi watoto wote, "Tantine, ingine! Tantine, ingine!" na watu wazima wakacheka. Mjomba, kaka yao mama na Tantine, akaweka kaseti ya kwaya na kuongeza sauti ili ishinde mvua. Alianza kubishana na baba kuhusu nani alicheza mpira vizuri zaidi shuleni kwao. Nilikuwa na paja la kuku. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilitaka siku isimame hapo.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa nguvu. Alikuwa mama jirani. Hakuwa na kilemba wala viatu, nguo yake ya misa ilikuwa imepasuka upande kwa kuruka ukuta, na maji yalimtiririka kama mtu aliyetolewa mtoni. Alikuwa amemshika Tantine kiunoni. Mkono wa kuume wa Tantine ulikuwa mbele, ameunyoosha mbali na mwili kama kitu kisicho chake.

"Munakula?" akasema mama jirani. Akatutazama mmoja mmoja mpaka watoto. "Munakula?"

Baadaye tulielewa yaliyotokea. Maji ya mvua yalipita chini ya tofali lililobeba babula, udongo ukalegea, babula ikainama. Sufuria ikateleza. Tantine akaishika kwa kitambaa kilicholowa ili isiangukie miguuni mwake, na mafuta yakammwagikia mkononi mpaka karibu na kiwiko, mengine yakaingia kwenye makala, moto ukapanda hadi kwenye mabati. Ndoo ya mchanga ilikuwepo, lakini nyuma ya babula, upande wa pili wa moto. Mtu wa pili angeifikia kwa kunyoosha mkono. Aliyekuja kuifikia ni mama jirani, kutoka kwake, kwa kuruka ukuta.

Pale ndani ukawa mchafuko. Mama jirani alipiga kelele, "Maji! Maji ya baridi tu! Mumumwangie maji!" Hakuna aliyemsikiliza. Mjomba alileta dawa ya meno. Mama akakimbilia mafuta ya mawese, akayapaka, halafu mtu mwingine akanyunyiza unga juu. Wote walitaka kusaidia. Na mama yangu, akipaka, akilia, akawa anauliza kwa nini, neno hilo moja tu: "Juu ya nini haukuita? Mudogo yangu, juu ya nini haukuita?" Tantine meno yake yalikuwa yanagongana.

Wakampeleka kwenye zahanati chini ya mwavuli ule ule wa wali. Baba alisimulia baadaye kwamba muuguzi alilazimika kuondoa mawese na unga na dawa ya meno kwanza, polepole, na kwamba mama aliyekuwa nje aliziba masikio yake. "Nani alimupakaa bintu hibi?" muuguzi aliuliza, na watu wazima wote wakatazama chini. "Ingekuwa maji tu, maji mingi, ngozi ingine ingebakia."

Sisi watoto tulibaki na Kambo. Alikaa upande wa kuume wa kiti kitupu cha Mzee, mikono mapajani. Baada ya muda akatuambia, bila kutuangalia, "Mukule, batoto. Chakula itaharibika." Nasi tukala. Hilo ndilo ninalotaka kukuambia na nashindwa kulisema vizuri. Tulikula, na chakula kilikuwa kitamu. Mpaka leo nikizikumbuka bitumbula zile za sahani ya kwanza, ulimi wangu unazipata, tamu, laini, na ndizi ndani yake. Ningependa ziwe chungu. Hazitaki.

Mkono ulipona kwa namna yake. Ngozi ilivuta vidole vitatu vikajikunja kuelekea kiganjani, na havikunyooka tena. Tantine alirudi kwa masista akajaribu kuongoza kitambaa chini ya sindano kwa mkono wa kushoto. Aliendelea kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyotazamia. Kisha akaacha, na mashati yetu ya Noeli yakaanza kununuliwa sokoni, yakitubana makwapani.

Lakini mwaka uliofuata tulikwenda tena kwa Kambo, maana Noeli haikuwa na mahali pengine. Kambo alikuwa na sheria mpya: meza haianzi mpaka mpishi wa mwisho ameketi, na Mzee, aliyekuwa haamriwi na mtu, aliifuata bila neno. Na mezani pale, mwaka ule, mama yangu akasimulia kwa mara ya kwanza. Lile swali lake lilikuwa limegeuka kuwa hadithi. "Hakuita," alisema, machozi yakimjaa. "Hata mara moja. Alifunga kinywa juu batoto bakule Noeli yabo muzuri. Muntu gani mwingine anaweza?" Mjomba akaongeza kwamba ni Mungu aliyemtuma mama jirani kuja kuomba chumvi dakika ile. Watu wakamtazama Tantine kwa heshima kubwa, na Tantine akatazama sahani yake. Kambo akasimama akaenda kuona kama maji yanachemka.

Hadithi ile ilisimuliwa kila Noeli. Iliingia katika sikukuu kama wali. Sisi tulipokua tuliwasimulia wake zetu, na wake zetu wakawasimulia watoto: kuna Tantine mmoja katika ukoo wetu, aliungua akanyamaza ili watu wale. Niliisimulia mimi mwenyewe, zaidi ya mtu yeyote labda, kwa sababu nilikuwa mmoja wa wale walionyamaziwa. Niliona kama nina deni kwake ambalo yeye hakuwahi kulidai. Kambo alikufa bila kuisimulia hata siku moja. Hilo sikulifikiria mpaka juzi.

Basi, baada ya wageni wangu wa Noeli iliyopita kuondoka, nilimwambia mke wangu nakwenda kumwona Tantine kabla ya Bonane. Siku hizi anakaa Annexe, mbali, mahali barabara inapogeuka kuwa mfereji. Aliolewa huko na mtu wa bustani, akazaa, akazika mume, na watoto wake wakubwa wanalima naye. Nilimkuta kati ya matuta ya lengalenga, mchicha wetu, ameshika jembe. Mpini unaingia vizuri ndani ya vile vidole vilivyojikunja. Jembe ndicho kitu pekee ambacho mkono ule unakipenda.

Tuliketi kwenye kizingiti chake. Nilikuwa nimemletea kuku na mchele. Nikazungukazunguka na habari za watoto, halafu nikasema.

"Tantine, nilikuya kuomba pole."

"Ya nini?"

"Ya ile Noeli. Tulikuwa tunakula. Weye ulinyamaza juu yetu, na siye hatukukushukuru hata siku moja."

Akaanza kucheka, kicheko kidogo cha puani.

"Nani alikuambia nilinyamaza?"

"Mama. Bote."

"Miye niliita," akasema. "Niliita yaya. Aliniambia iko anakuya, basi nilimwita yeye. Niliita, niliita, mpaka sauti ikapotea."

Ningedhani maneno kama hayo husemwa kwa hasira. Aliyasema kama mtu anayekumbuka bei ya chumvi ya zamani.

"Labda mvua," nikasema. "Mvua ilikuwa mingi. Na kaseti."

"Mama jirani alikuwa mu nyumba yake. Mulango ya kufunga. Ng'ambo ya ukuta. Ile mvua moja tu. Yeye alisikia."

"Mjomba anasemaka alikuya kuomba chumvi."

Hapo Tantine alicheka mpaka akajipangusa machozi kwa mgongo wa ule mkono. "Chumvi! Mama wa biashara, siku ya Noeli, hana chumvi! Banaye, munaaminiaka nini ninyi?"

Nikacheka naye kwa sababu sikujua kufanya lingine. Halafu nikamwuliza kwa nini hakusema, miaka yote hiyo, amekaa mezani akisikia.

"Mwanzo nilingojea baniulize," akasema. "Hakuna mwenye aliniuliza kama niliita. Baliniuliza juu ya nini sikuita. Ile haiko swali moja." Alichomoa jani lililoliwa na wadudu kwenye fungu la lengalenga lililokuwa miguuni pake, akalitupa. "Kisha nikaona mama yako, kama hana ile hadithi, halalake. Alikonda ule mwaka, weye ulikuwa mudogo, haukuona. Ile hadithi ilimurudishia mwili. Nitamunyanganya namna gani?"

"Nimwambie?"

"Hapana." Na hapa sauti yake ikawa kama ya Kambo. "Yaya amezeeka. Muache akule."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimebeba fungu la lengalenga na kitu kingine ambacho sikujua nikiweke wapi. Tangu siku ile nimekuwa nikirudi kwenye ile meza usiku na mchana. Naondoa mvua. Naondoa kaseti. Naondoa vijiko vyetu vinavyogonga. Natafuta sauti inayoita yaya. Siku nyingine naipata, nyembamba, nyuma ya kila kitu, na namwona mama akiinua kichwa kidogo na Mjomba akisema kitu na mama akikirudisha kichwa kwa mtoto. Siku nyingine siipati kabisa. Sijui kama nakumbuka au natengeneza. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango kuliko wote, hilo najua.

Nilipita pia pale kwenye nyumba ya Kambo. Iliuzwa baada ya Mzee kufa. Wenye nayo ni watu wazuri, walinikaribisha niingie. Kiwanja kimemwagiwa saruji, paa dogo la mabati halipo, na jiko limeingia ndani, la gesi, jeupe, na dirisha kubwa. Watoto wao hawajui kupepea makala. Ukuta wa kule kwa mama jirani umeinuliwa mpaka juu ya kichwa cha mtu mrefu, na juu yake wamepanda vipande vya chupa, kwa sababu ya wezi. Nikauliza anayekaa upande wa pili ni nani. Mwenye nyumba akafikiri, akasema ni familia fulani, hajui vizuri, wanatumia lango la barabara nyingine. Mama jirani mwenyewe alikwisha kurudi Kasai zamani, na hakuna kati yetu aliyemuaga, maana tulimshukuru Mungu kwa kumtuma na tukasahau kumshukuru yeye kwa kuja. Nilisimama pale kwenye saruji nikatafuta mahali ambapo tofali lile lilizama. Huwezi kujua tena. Kila mahali ni sawa.

Bonane tulikula kwa mama. Bado anakaa Kipushi, katika nyumba aliyoachiwa na baba, na wajukuu wanalala chini kama sisi tulivyolala. Nilipika na mke wangu, wawili, nje, mafuta nusu ya sufuria, na wanangu wakacheka ndoo yangu ya mchanga. Chakula kilipokaa mezani, na sote tumeketi, mama akafuta mikono yake akaanza, kama kila mwaka. Mjukuu mdogo alikuwa hajaisikia.

"Kulikuwa Tantine yetu moja," akasema. "Aliungua mukono. Na hakuita. Hata mara..."

Nilikuwa nikimtazama, na labda sikuuficha uso wangu vizuri. Macho yake yalishuka kwenye lile fungu la lengalenga lililopikwa, ambalo nilikuwa nimemwambia nimelitoa kwa Tantine. Watoto wakamngoja. Alikuwa mdogo sana kwenye kiti chake, mama yangu, kilemba kimemzidi.

"Ile siku," akaniambia mimi, polepole, "mvua ilikuwa mingi. Si vile?"

Meza yote ilinigeukia. Nilifikiria mtu aliyeita mpaka sauti ikapotea. Nilifikiria aliyeniambia nimwache ale.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ilikuwa mingi sana. Haungeweza kusikia kitu."

Akatikisa kichwa, mara kadhaa, kama anayekubaliana na mtu mwingine. Nikamwongezea mchuzi juu ya wali wake. Akashika kijiko, akala.